Besi Wanayonisifia Siyo Yangu

Amahoro kwenu wote. Admin, jina langu lifiche, ingawa wapiga besi wa roki hapa Rumonge hatujazi hata benchi moja, na benchi lenyewe nalikalia mimi.

Ni baba wa miaka arobaini na tisa, nina mke na watoto, na riziki yangu inatoka kwenye mawese: nayanunua Minago, nayauza mjini. Hiyo ndiyo kazi. Besi, lile gitaa la sauti nzito, ni ugonjwa. Niliupata ujanani nikipiga rumba kwenye harusi za majirani zetu Wakongomani, mpaka rafiki yangu mmoja, ambaye kwenye bendi tunamwita Shefu, akarudi kutoka Bujumbura na gitaa la umeme na kichwa kilichojaa roki. Siyo roki ya kurukaruka. Ni ile nyingine, ya kelele na huzuni, ambayo mke wangu anasema inafanana na injini ya boti inayokataa kuwaka. Tumeipiga miaka mingi kwenye baa za ufukweni (Waislamu wenzangu msinitukane, mimi nilikuwa nakunywa Fanta), watu wakitusikiliza kwa adabu halafu wakituomba rumba.

Mwaka jana tulikwenda Bujumbura kurekodi wimbo mmoja. Unaanza na besi peke yake, kabla ya gitaa, kabla ya sauti ya mtu. Nilipiga sehemu yangu, Shefu akasema iko sawa, nikawahi gari la kurudi nyumbani. Wimbo ulipotoka niliusikia kwanza kwenye simu ya dereva wa pikipiki aliyenibeba, tukiwa karibu na Magara. Nilimwomba asimame. Mtu anajua mkono wake, na ule haukuwa mkono wangu. Vile vidole vilikuwa vyepesi, vinafika mapema pale ambapo mimi huchelewa.

Dereva, ambaye ananijua kwa bendi yetu, akageuka akaniambia, "Papa, hapa mwanzo umetuua." Nikamjibu murakoze, yaani asante. Ndugu zangu, hiyo murakoze ndiyo imenifikisha hapa.

Nilimfuata Shefu, naye hakukataa. Alieleza kwamba baada ya mimi kuondoka walisikiliza tena, wakaona haikai vizuri, saa za studio zinaisha, basi akachukua besi akairudia yeye. "Mzee, wewe iko unapiga vizuri," akaniambia, "ila unafika nyuma ya ngoma. Ningekwambia ungeumia." Nikacheka, nikasema hakuna shida, bendi ni moja. Kumbe shida nilikuwa nayo, tena nzito.

Wimbo ukapendwa. Ukapigwa redioni, ukapigwa kwenye maduka ya simu, na sokoni mama wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakaanza kuniita Papa Besi. Ningesema ukweli siku ile ile, kwa utani tu, watu wangecheka yakaisha. Lakini ninyi hamjawahi kuombwa rumba miaka yote hiyo. Nilionja sifa, ikanoga, nikaimeza.

Sasa binti yangu wa kwanza anaolewa. Kwetu siku ya dot, yaani ya kutoa mahari, baba wa binti hafungui mdomo. Anakaa mbele amenyooshwa vizuri kama picha ya ukutani, na msemaji wa familia ndiye anayejibizana na msemaji wa upande wa pili, wakichomana kwa maneno na kuchekana mpaka wakubaliane. Msemaji wetu ni kaka yangu mkubwa, mtu anayependa makofi kuliko chakula. Mambo yote yalipokwisha, yule msemaji wa upande wa mume, mzee wa Bugarama, akasema wamebaki na kiu moja tu: siku ya harusi bibi harusi aingie kwa ile besi inayosifiwa, na baba yake aipige mwenyewe. Hata sikupata muda wa kukohoa. Kaka yangu akasimama: "Hilo siyo ombi, hiyo ni zawadi yetu. Atapiga, tena peke yake."

Makofi yakalia. Mimi nikakaa, mikono magotini, natabasamu. Neno la msemaji likishatoka kwenye dot ni neno la familia. Kulirudisha ni kumvua nguo kaka yangu mbele ya wakwe, na mtoto wangu ndiye anayekwenda kuishi kwao.

Nimefanya mazoezi mpaka vidole vimeota sugu upya. Haiwezekani. Vinafika Rumonge wakati wimbo umeshapita Nyanza-Lac. Shefu amenipa njia: besi itoke kwenye kompyuta, mimi nisimame tu na gitaa lisilounganishwa. Nani atakagua waya siku ya harusi? Nikakubali. Ndiyo, mimi na mvi zangu.

Binti yangu alikuwa hana habari nyingine ila wimbo huo. Alimwambia mama yake, "Nitaingia kwa besi ya papa. Nataka mama mkwe ajue mimi ni mutoto wa nani." Halafu Jumapili mchana, nikiwa nyuma ya nyumba najaribu, akaja kuanua nguo akasimama. Nikakosea pale pale ninapokosea siku zote. Nikarudia, nikakosea tena. Nilikuwa bado natafuta cha kusingizia, akasema taratibu, "Papa, umechoka. Iweke chini, chai iko tayari."

Tangu siku hiyo hajautaja wimbo. Ananihudumia kama mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake.

Aibu yangu nimeizoea. Nisichoweza kubeba ni mtoto huyu kuingia ukumbini anajua, akitembea kwa madaha mbele ya wakwe, akinisaidia kudanganya siku yake mwenyewe. Harusi ni mwezi ujao. Chekeni kwanza kama mnataka kucheka, lakini mkimaliza mnishauri, wazazi wenzangu na ninyi vijana. Nianze kusema ukweli kwa binti au kwa kaka? Nisimame pale na waya wangu wa uongo? Au niipige mimi, kwa vidole hivi hivi vinavyochelewa, na kila mtu asikie?