Kicheko cha Sebuleni

Mama mkwe wangu ana picha moja ya Kihindi ya zamani, ya kijana wa kitajiri aliyempenda binti wa mtunza bustani wao. Kila akiiweka kwenye televisheni, pale sebuleni kwao Katesh, analia palepale alipolia mara ya mwisho. Mimi nami nililia naye, na sikuigiza. Mume wangu ni mtoto wa wenye duka la jumla, mimi wa mkulima wa Bashay, na enzi za uchumba niliihesabu picha ile kuwa yetu.

Siku baba yangu alipokuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, alileta vitunguu swaumu na maziwa ya mgando, akakaa kwenye ncha ya kochi.

"Karibu babu, hapa ni nyumbani," mama mkwe alimwambia, akawasha picha.

Safari hii shemeji alikuwa ameleta ile iliyotafsiriwa, ambayo jamaa mmoja anawasemea wote kwa Kiswahili. Kijana wa kitajiri alipewa Kiswahili cha mjini. Mtunza bustani, amevua kofia mbele ya tajiri akimwombea binti yake, akapewa lafudhi ya Kiiraqw, ya kwetu, maneno yamekazwa kooni.

Sebule nzima ikacheka. Nilicheka pia, na nisijidanganye kwamba nilijisahau. Nilicheka kumzidi shemeji, ili ionekane mzee yule hanihusu.

Baba alikuwa ameanza kumuuliza mama mkwe habari za mvua. Akaishia katikati.

Mama mkwe, ambaye hana ubaya, alipunguza sauti ya televisheni. "Ulikuwa unasema, babu?"

"Hapana, bibi. Naangalia tu."

Akaangalia hadi mwisho. Hakusema tena neno la Kiswahili mpaka alipoaga, na hapo alishika mikono yao tu, akainamisha kichwa. Nilimsindikiza stendi. Nilitafuta pa kuanzia, nikaishia kumuuliza kama amebeba koti lake, wakati alikuwa amelivaa. Alinijibu kwa Kiiraqw, kwa upole, kwamba mtoto ni mzuri na nimlinde na baridi.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Nikipiga simu nyumbani, baba huuliza kwanza kama niko na watu. Nikisema ndiyo, anampa mama simu.