Ukuta wa Ukumbini Wendorin

Marehemu Irmtraud Pagels, Mungu amrehemu, aliishi miaka mingi katika ukumbi wa dansi bila kucheza dansi hata siku moja. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, kabaila wa kijiji cha Wendorin alikimbilia magharibi, na jumba lake likajazwa wakimbizi waliotoka mashariki. Reinhold, mumewe Irmtraud, mmoja wa wakimbizi hao, alijenga ukuta katikati ya ukumbi kwa matofali ya zizi lililoungua. Shada la maua lililofinyangwa darini kwa lipu likagawanyika: nusu ikabaki juu ya kitanda chao, nusu juu ya jiko la jirani yao, Trude Drews.

Waume wakafa, watoto wakahamia mijini, serikali ikaondoka na nyingine ikaja. Wajane wale wawili wakabaki, wakigongeana ukuta kila asubuhi kujuliana hali. Mimi, mchungaji wa usharika ule, niliwapelekea Meza ya Bwana humo humo, kwa kuwa magoti yao yalikwisha kuzigomea ngazi za kanisa.

Ndipo jumba likanunuliwa na Bwana Asmussen, msanifu majengo kutoka Hamburg. Alikuwa muungwana. Alizipenda nguzo za mlangoni na madirisha marefu yaliyopangwa sawasawa kushoto na kulia.

"Mama Pagels," alisema mbele yangu, "nataka kulirudisha jumba kama lilivyokuwa."

"Lilivyokuwa lini?"

"Lilipojengwa. Ukumbi mmoja, mwanga utoke bustanini mpaka uani."

"Na mimi nitakaa wapi kwenye huo mwanga?"

Sheria ilimpa mama huyo haki ya kukaa pale hadi kufa, na Asmussen alilijua hilo tangu mwanzo. "Sina haraka, mama," akajibu kwa upole. "Ukuta utasubiri."

Upole huo ndio uliomchosha Irmtraud. Tangu hapo, kila walipokutana sebuleni, Asmussen alimwuliza kifua kinaendeleaje.

"Leo kaniuliza tena," Irmtraud alimwambia Trude wakinywa kahawa. "Nikikohoa, namwona anapima mapazia ya ukumbi wake."

"Kohoa zaidi, shoga, atakuletea dawa."

"Ataniletea jeneza."

"Basi tuhamie mjini, kwenye fleti. Kuna mabomba ya maji ya moto yanayopasha vyumba joto, hubebi makaa."

"Nenda wewe."

"Niende nikamgongee nani ukuta?"

Majira ya baridi yaliyofuata, asubuhi moja, ukuta haukugongwa. Irmtraud alimkuta Trude ameketi ngazini, ndoo imepinduka, makaa yametapakaa hadi chini. Hakuvunjika mfupa, ila hakuweza kuinuka, na Irmtraud hakuwa na nguvu za kumwinua. Akaketi kando yake. Niliwakuta hivyo, wamejifunika shali moja.

"Usicheke, mchungaji," alisema Trude. "Tunasubiri wachumba."

Irmtraud hakutania. "Jumba hili lilijengwa kwa ajili ya watu wenye watumishi wa kubeba makaa," aliniambia. "Watumishi sasa ni sisi, na tumechoka."

Jioni ile alimwita Asmussen. "Vunja ukuta wako, bwana. Hatufi, tunahama." Yule bwana akawa mwekundu mpaka masikioni, asijue kama inafaa kushukuru.

Niliwahamisha kwa gari langu. Trude alilalamikia kiti, barabara na uendeshaji wangu. Irmtraud aliuliza jambo moja tu: kama kule mtu anaweza kuongeza joto bila kuomba ruhusa. Nikamwambia anaweza. Kabla hatujafika lango la bustani, alikuwa amekwisha shikwa na usingizi.