Sura ya Babu

Leo daktari wa meno hapa Nizwa, Omani, alinipaka mafuta ya karafuu kwenye fizi, na harufu ile ikanirudisha Ibra, mji wa utoto wangu, kwenye mkeka wa bibi yangu, aliyekuwa akijichua nayo magoti.

Bibi hakuwa na picha hata moja ya babu. Babu alichukuliwa na watu wenye bunduki kule Unguja wakati wa mapinduzi, na picha zote zikabaki katika nyumba ambayo bibi na wanawe waliikimbia. Lakini zamani mji mzima ukisema kwamba babu kafanana mno na mwigizaji wa sinema moja kongwe ya Kiingereza. Bibi aliitafuta sinema hiyo miaka mingi, hata ammi yangu akaipata kwenye kanda ya video.

"Njoo ukae, mjukuu wangu," bibi aliniita. "Leo utamuona babu yako."

Ammi akaitia kanda, na watu wa kwenye sinema wakaanza kuzungumza Kifaransa. Bibi, aliyewahi kuiona sinema ile Unguja, aliitambua nyumba, akazitambua ngazi, hata taa ya mezani. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamme mnene mwenye kipara.

"Siye huyu," bibi alisema.

Ammi akasoma maandishi ya kwenye boksi. "Mama, enzi zile filamu moja ikipigwa mara mbili. Nyumba ile ile, nguo zile zile, lakini hii ya Kifaransa ina waigizaji wengine."

"Babu yuko wapi?" niliuliza.

"Hayumo," bibi alijibu.

"Niizime, mama?" ammi aliuliza.

"Iwache."

Aliitazama mpaka mwisho, na kila mlango ulipofunguliwa aliinama mbele kidogo.