Pigo la Mwisho la Kengele

Kwetu mke wa mtu haonani na baba mkwe. Si kwamba wamegombana, ni heshima. Nikimsikia kwenye kijia cha migombani, naingia kwenye majani, nakipa kijia mgongo, nafunika kichwa mpaka apite. Naye kwa wema wake alikuwa akikohoa kabla ya kila kona. Nilikijua kikohozi kile vizuri sana. Sura yake sikuwahi kuiona.

Wadachi walipotundika kengele misheni, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuipiga. Watu waliambiwa ile ni sauti ya Mungu inayowaita. Mimi, Mungu anisamehe, nilisikia jambo moja tu: baba mkwe yuko kwenye kamba, na ua mzima ni wangu. Kila Jumapili ikilia, nilipita katikati ya ua nimenyooka, naimba, nataniana na wifi yangu mdogo. Baadaye ndipo nilipokwenda kujipenyeza nyuma ya wanawake wenzangu kanisani, kichwa chini.

Jumapili moja ikaanza kulia, nikajitwika mtungi, nikaingia uani. Wifi akanitania kwamba natembea kama mwenye nyumba. Basi nikamwonyesha mwenye nyumba mwenyewe. Nikapiga hatua za kishindo kama nilivyozoea kuzisikia kijiani, nikainua kidevu, nikakohoa kikohozi kile kile, kwa madaha. Wifi hakucheka. Nyuma yangu kikasikika kikohozi chenyewe.

Alikuwa amekaa mlangoni, mguu umevimba na kufungwa majani. Aliteguka alfajiri akienda misheni, wakamrudisha, na mwalimu wa dini akapiga kengele badala yake. Mimi nilikuwa mtoni, sikujua. Tulitazamana. Ana macho madogo, ya upole, na naona haya mpaka leo kwamba niliyajua kwa namna ile. Yeye ndiye aliyetangulia kugeuza uso ukutani. Mtungi sikumbuki hata ulivyoanguka.

Nilijifungia ndani, nikingoja kurudishwa kwetu. Baba yangu akaitwa. Alikuja akiswaga ng'ombe wa kuomba radhi, akapita mbele ya majirani akitazama chini, mtu mzima, kwa sababu binti yake alikohoa. Aibu yangu ningeibeba. Ile ya baba yangu ilinishinda.

Sikurudishwa. Mguu wa baba mkwe ulipopona, kengele ililia kama kawaida, ikanyamaza, kisha likaja pigo moja dogo, la peke yake. Mama mkwe akaja mlangoni kwangu.

"Mwanangu, baba yako anasema ukisikia hilo la mwisho, ujue ni yeye. Usipolisikia, yuko nyumbani."

Nilitamani ardhi inimeze. Hakuweza kunisemesha, kwa hiyo alinisemesha kwa kengele ya kanisa, kijiji kizima kikisikia na kisielewe. Mwalimu wa dini alipouliza habari ya pigo lile, alimjibu kwamba kamba inakwama. Mzee wa kanisa, akadanganya kwa ajili yangu.

Tangu hapo nilipita uani kimya, bila wimbo. Nilitaka sana kumwambia ndaga fijo, asante sana, lakini kwa kinywa kipi? Kile kile kilichokohoa? Ningeweza kumtuma mama mkwe. Kila nilipotaka kumtuma niliona haya, nikaahirisha, na miaka ikapita hivyo.

Kisha vita vikaja, askari wakakusanya wanaume wa kubeba mizigo, naye baba mkwe wakamchukua. Nilisikia kikohozi chake kikipotelea upande wa barabara.

Jumapili iliyofuata kengele ililia, ikanyamaza. Nilikuwa uani, mtungi kichwani. Nikangoja pigo la mwisho. Halikuja. Nikatua mtungi, nikaingia migombani, nikakipa kijia mgongo, nikafunika kichwa, nikasubiri akohoe.