Mayai ya Siki Mbele ya Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na saba ya ndoa, kila mama mkwe wangu alipokuja kututembelea hapa Kayole, Nairobi, nilikula yai nikiwa nimesimama jikoni, mgongo nimeupa mlango. Hakuna aliyenikataza, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akamlaumu mama wa watu. Kwao, na kwetu pia maana sote tumetoka magharibi mwa Kenya, wanawake wa umri wake hawali mayai. Hakuwahi kuniambia nisile. Aliangalia tu sahani yangu, kisha akaangalia dirishani, nami nikaichukua sahani nikaenda zangu jikoni. Nilijiambia ni heshima. Pengine ilikuwa heshima kweli. Mimi niliishia darasa la nane na si hodari wa kutenganisha heshima na woga. Kwangu vinafanana sana.

Mwaka huu alikuja kutibiwa goti, akawa wa kukaa miezi miwili. Asubuhi ya tatu nilikaanga mayai. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili na mdomo wake haujawahi kulala, alichukua sahani yake kimya akanifuata jikoni. Akasimama kando yangu, akala akiangalia sinki.

Nikamuuliza, "Kwani wewe umefukuzwa mezani?"

"Si ndiyo venye tunafanyanga shosh akikuja?"

Shosh ni huyo nyanya yake. Jioni niliandika kwenye daftari langu: Huyu sikumfundisha kwa mdomo. Nikakata, nikaandika tena: Nimemfundisha.

Ndiyo maana nikaamua juu ya Jumamosi. Akina mama wa kanisa wangekuja kwetu kwa maombi, maana wanazunguka nyumba kwa nyumba na zamu yetu ilikuwa imefika. Niliamua kuweka mayai mezani, tena yale ya siki na pilipili, na kula langu pale sebuleni, kwenye kochi, mama mkwe akiona na binti yangu akiona.

Mayai hayo nilijifunzia kazini. Nafanya kazi ya kupakia mabeseni katika kiwanda kimoja mtaa wa Baba Dogo, na mwenzangu mmoja wa laini yetu huja na chupa ya jemu iliyojaa karoti, matango na mayai, vyote vimeloa maji ya siki yenye pilipili nyekundu. Ukiuma kimoja saa saba, saa tisa ulimi bado unakukumbusha. Alinipa maelezo tukiwa tumekaa juu ya maboksi.

"Siki kikombe, maji kikombe. Chumvi, sukari kidogo, kitunguu saumu, pilipili kadiri ya ujasiri wako. Chemsha, mwagia, acha ipoe, tia kwenye friji. Lakini sikiza, dada. Hii si achari ya kuanika juani. Hii bila friji ni sumu."

"Friji ninayo," nikamwambia kwa maringo.

Na ni kweli ninayo. Inakaa sebuleni kando ya televisheni kama mgeni wa heshima, imevikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono.

Jumapili baada ya ibada nilichemsha mayai kumi na tano. Nilijaza chupa nne: mbili za mayai, moja ya karoti na matango, moja ya embe mbichi nililopata kwa mama mboga wa chini ya ploti, hili jengo letu. Nyumba nzima ikanuka siki mpaka jirani wa mlango wa pili akagonga kuuliza kama tunapaka rangi. Mama mkwe alikuwa amekaa na goti lake juu ya kigoda.

"Hayo ni ya nani?" akauliza.

"Ya wageni wa Jumamosi, Mama."

"Wageni hupewa chai."

"Chai itakuwepo."

"Na nduma."

"Na nduma, Mama."

"Sasa hiyo dawa ya mchwa ni ya nini?"

Mume wangu akacheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Baadaye alinifuata jikoni. "Mama watoto, pika chapati yaishe. Hii nyumba ina amani, kwa nini uitie pilipili?" Nilimwambia amani ya kula nimesimama mimi nimeichoka. Akasema hajawahi kuniambia nisimame. Alikuwa na haki. Hakuwahi kuniambia, wala hakuwahi kuniuliza kwa nini nasimama.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikafungua chupa ya kwanza nionje kama yamekolea. Harufu iliyotoka sikuijua. Maji yalikuwa yamefanya ukungu kama ya kuoshea mchele, na chupa yenyewe ilikuwa na joto mkononi. Nikafungua ya pili, vivyo hivyo. Nikatia mkono ndani ya friji, nikakuta ni kama kabati la nguo.

Hapo nilikosa adabu, na nitaandika nilivyokosa.

"Mama, umezima friji?"

"Nimezima."

"Leo?"

"Kila siku. Mkishatoka tu."

"Ulijua kuna nini ndani!" Sauti yangu ilipanda mpaka nikasikia redio ya jirani ikipunguzwa. "Kama hutaki nile mayai si uniambie? Kuliko kuniharibia kimyakimya kama panya!"

Neno panya lilinitoka nikalisikia likianguka. Mama mkwe hakupandisha sauti. Alinyoosha fimbo yake ya kutembelea, akaelekeza ncha kwenye soketi iliyo nyuma ya friji.

"Mimi macho yangu ni mabovu," akasema. "Wewe umesoma. Nisomee."

Kilikuwa kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu, kimekuwa cha kahawia kwa uzee. ZIMA UKITOKA. WASHA JIONI. Mwandiko wangu. Niliuandika mwenyewe siku tuliponunua friji, ili tokeni za stima, huu umeme wa kulipia kabla, zisitumalize, na miaka yote nimeiwasha friji jioni kwa mazoea, nikiuona bila kuuona. Tena siku ile aliyofika nilimshika mkono nikamwonyesha hiyo swichi: Mama, sisi tukitoka, wewe zima. Kwetu friji ni ya maziwa ya jioni. Mchana ni kabati. Mwenzangu wa kazini aliniambia bila friji ni sumu, nami nikamjibu kwa maringo.

Nilimwomba radhi. Nilipiga magoti, maana neno panya haliombewi radhi ukiwa umesimama. Akasema, "Inuka, utakuwa na goti kama langu." Sikujua kama amenisamehe au amechoka.

Nilimwaga mayai yote na mboga zote. Nilipokuwa napeleka mfuko chini kwenye pipa nilijiambia basi, ni ishara, pika chapati. Niliamini hivyo gorofa mbili nzima. Gorofa ya tatu nikamkumbuka binti yangu akitafuna huku ameangalia sinki, na nilipofika chini sikurudi juu. Nilikwenda dukani nikanunua trei nyingine ya mayai na chupa ya siki.

Niliporudi nilibandua kile kikaratasi. Gundi ilikataa, nikakwangua kwa kisu cha mboga.

"Friji haizimwi," nikatangaza sebuleni, kama mtoto anayekariri shairi. "Mchana haizimwi, usiku haizimwi."

"Tokeni je?" mume wangu akauliza.

"Nguo hazitapigwa pasi."

"Mimi naenda ofisi mtaa wa Fedha na shati limekunjamana?"

"Nenda nalo limekunjamana. Watu watajua una friji."

Binti yangu alicheka mpaka akashika mlango. Mama mkwe hakucheka. Ila nilipokuwa nabandua maganda ya mayai, alianza kuongea, akiongea na goti lake zaidi kuliko na mimi. Alisema kuku wake walikuwa wanane. Yai moja lilikuwa daftari, mayai matatu yalikuwa kalamu na mafuta ya taa. "Huyo mume wako alisoma kwa mayai. Ningekula, ningekuwa nakula shule yake." Nilitaka kumwambia kwamba baba mkwe, kwa hadithi za mume wangu mwenyewe, alikuwa akila mawili kila Jumapili. Sikumwambia. Nimejiuliza tangu hapo kama kunyamaza kule kulikuwa huruma au ni kule kusimama jikoni kumerudi kwa mlango mwingine.

Jumamosi akina mama saba walikuja. Tuliimba, tukaomba, goti likaombewa kwa majina yote ya Mungu. Nilileta chai, mandazi na nduma. Kisha nikafungua friji, ikatoa ule ubaridi wake wa siku mbili mfululizo, nikatoa chupa. Mayai niliyapanga kwenye sahani nyeupe yakiwa na madoa mekundu ya pilipili, nikaiweka katikati ya meza.

Shingo saba zikanyooka.

"Hii ni dawa ama ni chakula?" akauliza mmoja.

"Ni chakula."

Mwenye umri mdogo kuliko wote akachukua, akauma nusu, macho yakajaa maji. "Wuu! Mkinizika mwambieni mume wangu sikufa kwa njaa!" Wakaangua kicheko, mikono ikaanza kuja. Wanne walikula. Wawili walisema hapana asante, na sikuwalaumu. Nao wana mama zao vichwani. Mmoja alilifunga lake ndani ya tishu, akasema atalila nyumbani. Nilijua kabisa atalila akiwa amesimama wapi.

Walipoondoka sahani ilikuwa na mayai mawili. Mama mkwe alikuwa mahali pake, mimi nikakaa kando yake, si mbali, kochi ni dogo. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa ajili ya yai, mwanamke mzima. Nikachukua moja, nikauma.

Aliangalia yai. Nikangoja aangalie dirishani, hakuangalia.

"Umechemsha kupita kiasi," akasema. "Ona kiini kimefanya kijani pembeni. Dakika kumi na mbili zilitosha."

Miaka hamsini amechemshia wanaume mayai, hajui ladha yake, na alikuwa sawa. Kiini kilikuwa kikavu kama chaki, na pilipili ilikuwa haijafika ndani kwa sababu siku mbili hazikutosha.

"Ni kweli, Mama," nikamjibu mdomo ukiwa umejaa. "Nimechemsha sana."

Binti yangu alitoka chumbani akasimama mlangoni, akatuangalia sisi wawili, kisha akaiangalia sahani. Mkono wake ulilichukua lile la mwisho, na mguu mmoja ukageuka kuelekea jikoni, kwa mazoea tu.

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa chini kwenye zulia, mbele ya magoti ya nyanya yake, akala. Mama mkwe alisogeza fimbo yake kidogo ili mtoto apate nafasi.