Hali Iliyokosekana Kwenye Mashine ya Mbegu

Mimi nina hasira za karibu, niseme mapema. Siku niliyokuta sumaku ya spika ya redio imebandikwa kwa selotepu kwenye swichi ya mlango wa mashine yangu, nilipiga kelele hadi watu wa stoo wakaja kuchungulia.

Nafanya kazi Kitale, kwenye kiwanda cha kupakia mahindi ya mbegu. Ni mimi fundi wa umeme, na mashine ya kupakia niliipangia programu upya mwenyewe. Mashine hiyo inamwaga mbegu kwenye paketi ya kilo mbili, kisha taya mbili za chuma chenye moto zinaifinya paketi juu na kuiziba. Mbele ya taya kuna mlango wa plastiki ngumu. Ukiufungua, swichi inaiambia mashine isimame. Ukiweka sumaku pale, mashine inadhani mlango umefungwa hata ukiwa wazi, na taya zinaendelea kutafuna.

"Nani ameweka hii kitu?" nikauliza.

Mama anayeendesha mashine hakujificha. "Ni mimi. Na nyinyi watu wa Bungoma punguzeni sauti, bana, hapa si soko."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliing'oa sumaku nikaondoka nayo. Kesho yake nikakuta nyingine, kubwa kuliko ya kwanza.

Hapo hasira ikaanza kupoa, nikabaki na swali. Huyu mama si mjinga. Anatembea kutoka Kipsongo kila asubuhi na sijawahi kumwona akichelewa. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vina makovu ya moto yanayong'aa, kwa hivyo anajua vizuri kwamba taya zinauma. Sasa mbona anaidanganya mashine?

Programu yangu ni ya hali. Yaani unaorodhesha hali zote ambazo mashine inaweza kuwa nazo: imesimama, inajiandaa, inafanya kazi, imezimwa kwa ajali. Kila wakati iko katika hali moja tu, na haitoki hapo bila sababu uliyoiandika. Nilipojifunza jambo hili lilinishika vibaya sana. Nikaanza kuona hali kila mahali. Mtu wa bodaboda pale steji: anangoja, anabishana bei, anaenda. Jumapili moja nyumbani Bungoma nilimchorea mamangu mzazi hali za kuku aliyekuwa kwenye sufuria, akaniuliza kama kanisani nilikuwa nimesikia hata neno moja.

Basi nikachukua kiti na daftari, nikakaa kando ya mashine siku nzima. Nilichoona ni hiki. Punje ya mbegu inaruka, inanaswa kati ya taya, na paketi haizibi. Mama anafungua mlango, anaitoa punje kwa kidole, anafunga. Ni kufumba na kufumbua. Bila sumaku, programu yangu inaona mlango umefunguka na kusema hiyo ni ajali. Inazima kila kitu, taya zinapoa, paketi zilizo ndani zinatupwa, na kuanza upya ni robo saa. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimehesabu punje kumi na moja. Mvua ilikuwa imekaribia, na wakulima waliotoka Saboti walikuwa wamejaa pale getini wakingoja mbegu.

"Kumbe ukifungua mlango, mimi naita ajali," nikamwambia.

"Na mimi naita kazi," akajibu, bila hata kunitazama.

Niliona aibu. Hali anayoishi yeye kutwa nzima haikuwa kwenye orodha yangu kabisa! Nikaandika hali mpya, nikaiita Ngoja Mama. Mlango ukifunguka, taya zinaachana, moto unabaki, paketi hazitupwi. Ukifunga na kubonyeza kitufe cha kijani, kazi inaendelea pale ilipoachia. Siku mbili tu, nikamaliza. Nilijisikia, siwezi kukataa.

"Toa sumaku, mama," nikamwambia. "Fungua, tia mkono uone."

Aliing'oa, akafungua mlango. Taya zikaachana, zikatulia. Akainama akachungulia ndani, mikono yake akaiweka nyuma.

"Weka wewe kwanza."

"Ati mimi?"

"Si ni wewe umeandika?"

Nikacheka, nikainua mkono. Mkono ukagoma. Niliijua programu ile mstari kwa mstari, na bado niliogopa. Mama alinitazama kidogo, akaokota gunzi sakafuni, akaliingiza yeye mwenyewe kati ya taya, akalishikilia kwa ncha. Tukangoja. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikafungua mdomo nimwambie, unaona?

Pa! Taya zikafunga. Moshi ukapanda, na harufu ya gunzi lililoungua ikatujaa puani.

Nilikimbilia kompyuta. Ili nisichoke kuandika, nilikuwa nimenakili mistari ya hali ya kazi, na ndani yake kulibaki saa ya kuhesabu: nusu dakika ikipita bila paketi kuzibwa, ziba. Mashine ilikuwa imenitii vile nilivyoiandikia. Nikakaa chini.

"Ningekuharibu mkono, mama."

"Lakini hukuniharibu. Amka, hapo kuna vumbi."

Saa ile ya kuhesabu niliifuta. Lakini sikuwa na imani tena na maandishi matupu. Taya zinasukumwa na upepo wa kompresa, kwa hivyo nikafunga vali ya kutoa upepo pale mlangoni: mlango ukifunguka tu, upepo wote unatoka, programu ipende isipende. Nilijaribu kwa magunzi hadi nikamaliza nusu gunia, na hakuna hata moja lililoguswa.

Halafu nikamwita. Nikafungua mlango mbele yake na kutia mkono wangu wote katikati ya taya. Joto lilikuwa linapiga pande zote mbili.

"Usitoe mpaka niseme," akasema.

Akaenda akachukua kikombe chake cha maji, akarudi, akanywa polepole akiniangalia. Jasho lilinitiririka hadi kidevuni. Alikunywa maji yote, akakikung'uta kikombe.

"Haya, toa."

Akafunga mlango, akabonyeza cha kijani, tukafanya kazi. Haikuchukua muda, punje ikanaswa. Nikamwona anafungua mlango, na vile vidole vyenye makovu vikaingia.

"Fungua macho, fundi," nikasikia sauti yake. "Nimeshatoa."