Sindano Niliyomdunga Mtoto Bila Haja

Admin, nisitirie jina langu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, muuguzi wa kliniki ya kibinafsi hapa Malindi.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Matsangoni na bintiye wa miaka minne. Mtoto alikuwa na mafua na homa kidogo. Nilimpima malaria, hana. Nikamwambia mamake ampe maji kwa wingi na dawa ya kushusha homa, atapoa. Uso ukamshuka.

"Dakitari, nimetoka mbali hivi nirudi na dawa ya kunywa tu? Mdunge mwanangu, nakuomba."

Nilijua hakuna haja. Lakini foleni ilikuwa imefika nje, na kumdunga ni rahisi kuliko kumweleza. Tena kliniki nzima tulikuwa tukifanya hivyo, maana mgonjwa asiyedungwa huona hakutibiwa. Nikamdunga takoni, yeye akifurukuta, mimi na haraka zangu. Ukelele alioupiga hadi leo nausikia.

Baada ya wiki mamake alimrudisha akiburura mguu. Nikaelewa papo hapo kuwa sindano yangu iligusa mshipa wa fahamu. Nikasema nini? "Homa nyingine huacha athari, mama. Mpeleke Kilifi akafanyishwe mazoezi." Akanishukuru!

Miezi michache iliyopita tuliletewa daktari mpya. Akataka sindano zote za mwaka mzima zihesabiwe, na kila moja iandikwe kama ilihitajika au la. Kazi akanipa mimi. Nilizipitia faili siku tisa. Nyingi hazikuwa na sababu, na nyingi zilikuwa na sahihi yangu. Faili ya mtoto yule niliichomoa nikaificha. Siku hizi hatudungi ovyo, na daktari amenisifu mbele ya wenzangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Lililonifanya niandike ni hili. Juzi nilikutana na mama yule sokoni, nikamuuliza hali ya mtoto.

"Bado achechemea, dadangu. Lakini tumeshamjua aliyemfanyia. Ni mavyaa wangu."

Bibi wa watu ameitwa mchawi. Vijana wamemtishia, ameikimbia nyumba yake, sasa yuko kwa bintiye Magarini na huko nako haonekani nje. Nikamnunulia mtoto machungwa, nikaondoka.

Nikisema, huenda nikanyang'anywa leseni, na wanangu watatu hawana mwingine ila mimi. Nikinyamaza, kikongwe asiye na kosa aweza kuuawa kwa uongo wangu. Hata kwenye mswala naona haya kuinua mikono.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nastahili. Lakini nishaurini upesi: nianze kwa nani? Kwa daktari, kwa mama wa mtoto, au niende Magarini nikampigie magoti yule bibi?